Kikohozi cha Moti na Mwiba Usiokuwapo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatatu moja ya msimu wa mvua, asubuhi, Moti alipokohoa mara ya kwanza mbele ya mlango wangu, nami nikajua papo hapo, bila kuulizwa na mtu, kwamba ninamuua. Nilikosea. Lakini kukosea kwangu hakukumsaidia Moti hata kidogo, na ndiyo maana nakueleza habari hii mimi mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu.

Moti alikuwa mbwa wa Mama Nirmala, na Mama Nirmala alikuwa mwenye nyumba wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina cherehani yangu katika soko la Kibuye, kazi yangu kupunguza viuno vya suruali za mitumba na kukata makoti ya Ulaya yawe kitu ambacho mtu wa Kisumu anaweza kukivaa bila kuzirai. Mama Nirmala alikuwa mjane wa Kihindi. Mumewe aliwahi kuwa na duka la vitambaa mjini, na watoto wao wote walikuwa wamehamia ng'ambo. Alinipangisha chumba cha nyuma kwa sharti moja, alilolitamka huku ameinua kidole: "Hapa ndani hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna hata yai. Mimi nakula mboga, mbwa yangu anakula mboga, mpangaji yangu pia."

Nikakubali. Mtu anayetafuta chumba hukubali mambo mengi. Lakini mimi nimezaliwa Otonglo, kando ya ziwa, na kwetu siku bila samaki huhesabiwa kuwa siku ya kufunga. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nilianza kuota ngege, yule samaki wetu wa ziwani, amekaangwa mpaka mapezi yamekauka. Wiki ya tatu nilikwenda kwa shangazi yangu Otonglo siku ya Jumapili, nikarudi na ngege mmoja amefungwa kwenye gazeti, chini ya kabichi, ndani ya kikapu.

Kumla hakukuwa kazi. Nilifunga mlango, nikala. Kazi ilikuwa mabaki. Mama Nirmala alichambua takataka za nyumba nzima kwa mikono yake, maana maganda ya mboga aliyazika kwenye bustani, na mwiba mmoja tu ungenitoa kwenye kile chumba. Nikageuka, nikamwona Moti amekaa mlangoni. Alikuwa mbwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limekunjika, maisha yake yote chapati, dengu na maziwa. Nilimpa kichwa. Akala kichwa, akala uti wa mgongo, akala ushahidi wote, kisha akalamba gazeti. Basi tukawa na mapatano yetu, mimi na yeye, kila Jumapili, kwa zaidi ya mwaka.

Sasa unaelewa kwa nini kile kikohozi kilinishtua. Alikuwa amenyoosha shingo, anakohoa kikohozi kikavu, halafu mwishoni anajikamua kama anayetaka kutapika kitu kisichotoka. Ungemwona ungesema kimemkwama. Na jana yake alikuwa amekula kichwa kizima.

Watu wa ufuo huu hatuendi hospitali kwa ajili ya mwiba. Tungechekwa. Mwiba ukikukwama kooni, unapewa tonge la ugali mgumu, unalimeza bila kutafuna, na tonge linaushusha mwiba hadi tumboni. Nyanya yangu alinifanyia hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara alinipiga mgongoni kwa nyongeza. Kwa hiyo nilisonga ugali, nikafinyanga matonge, nikayapaka samli, nikampa Moti nyuma ya nyumba karibu na bomba, mahali ambapo Mama Nirmala hakuona kutoka dirishani. Moti akameza. Siku mbili zilizofuata hakukohoa sana. Nikajiona daktari.

Siku ya tatu kikohozi kikarudi. Nikaongeza ukubwa wa tonge.

"Atieno, hii mbwa iko na nini?" Mama Nirmala akaniuliza asubuhi moja. "Inakohoa kama mzee wa sigara."

"Ni vumbi tu, Mama," nikamwambia. Mwanangu, ilikuwa mvua kubwa. Vumbi lingetoka wapi? Lakini yeye alitikisa kichwa, akaenda kumchemshia maziwa yenye manjano. Yeye akawa anamtibu mbele ya nyumba, mimi namtibu nyuma, na Moti katikati anazidi kukonda.

Nilifanya jambo jingine ambalo wakati huo niliona ni la busara. Nilipita duka la dawa za mifugo pale sokoni, nikanunua vidonge vya minyoo, nikavivunja nusu kwa nusu kwa kukisia, nikampa. Kikohozi hakikukoma. Nikasema moyoni, haya, si minyoo, nimehakikisha. Usinicheke. Kuna watu wazima wenye digrii ambao mpaka leo hudhani kidonge kimoja kinaua kila mnyoo uliomo ndani ya mnyama, popote ulipojificha.

Wiki ya tatu Moti aliacha kwenda kwenye lango. Muuza maziwa alikuwa akija na baiskeli yake kila asubuhi, na kila asubuhi Moti alikuwa akimbwekea kana kwamba hajawahi kumwona. Sasa alimtazama tu. Alipanda ngazi tatu za veranda akapumzika kwenye ya pili. Matonge yangu akawa anayakataa, mengine nayaacha pale chini karibu na bakuli lake la maji nikitumaini atayala usiku. Asubuhi nilikuta konokono wamejaa juu ya ugali, wakubwa na wadogo, pamoja na wale wasio na gamba. Niliwaona kwa macho yangu haya, nikawapita nikaenda kazini.

Lazima nikwambie habari za wale konokono. Mama Nirmala hakuua kiumbe chochote, hata sisimizi alimpisha. Alikuwa na bustani ndogo ya dania, mchicha na yale majani yao machungu ya methi, na konokono waliipenda kuliko yeye. Kila asubuhi aliwaokota mmoja mmoja, akawaweka kwenye beseni, akawapeleka polepole hadi ukuta wa nyuma karibu na bomba, akawaachia hapo na neno jema. Hapo hapo palipokuwa na bakuli la Moti. Hakuna aliyeyajumlisha mambo haya mawili, yeye wala mimi.

Ijumaa ya wiki ile Moti alijikwaruza mguu kwenye waya wa ua. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko tundu la kifungo. Damu ilitoka, ikaendelea kutoka, ikatoka mpaka sakafu ya veranda ikawa na alama za nyayo zake kila upande. Mama Nirmala aliketi chini na sari yake, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akashika ule mguu kwa ncha ya nguo, akisema maneno ya Kigujarati nisiyoyaelewa. Tangu mumewe afariki mbwa yule alilala nje ya mlango wa chumba chake. Watoto wakipiga simu kutoka ng'ambo kumwambia ahame, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi siko peke yangu, iko Moti." Nilimtazama akiwa pale chini, nikaona aibu, na bado sikusema. Nilikimbia kuita tuktuk.

Daktari wa mifugo aliitwa Ouma, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alifunga kidonda kwanza, akakibana kwa muda mrefu. Kisha akauliza anakula nini.

"Chapati, dengu, maziwa," Mama Nirmala akamjibu. "Wali kidogo."

"Na kitu kingine? Mama, hii damu haigandi vizuri. Inaweza kuwa amekula sumu ya panya, inaweza kuwa kitu kingine. Kila moja iko na dawa yake. Nikikosea hapa tutampoteza."

Nikatazama sakafu. Nakueleza ukweli kwa sababu nimezeeka na ukweli haunigharimu tena: nilifikiria chumba changu kwanza, halafu mbwa. Niliwaza nitahamia wapi na cherehani. Moti alikuwa juu ya meza, ananihemea usoni, mkia anautikisa kidogo kwa sababu alikuwa ananijua.

"Atieno," Mama Nirmala akasema bila kunitazama. "Mwambie daktari samaki."

Sikujua niweke wapi uso wangu.

"Mimi miaka sabini sikuli samaki," akaendelea. "Unafikiri mtu kama mimi hapana jua harufu yake? Kila Jumapili najua. Sema."

Nikasema. Nilieleza vichwa, miiba, matonge ya ugali, vile vidonge vya kukisia, na zile wiki tatu. Daktari Ouma hakunikaripia. Alimfungua Moti mdomo, akamulika na tochi, akaingiza kidole kwa uangalifu. "Hapa ni safi," akasema. "Mwiba ungemtesa kumeza tangu siku ya kwanza, na huyu amekuwa akimeza matonge yako. Mifupa ya samaki ni hatari, usimpe tena. Lakini si mwiba unaomkohoza." Akaweka kifaa chake kifuani, akasikiliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili, muda mrefu. Kisha akauliza, "Hapo kwenu kuna konokono?"

Sasa ikawa zamu ya Mama Nirmala kutazama sakafu.

Moti alilala kule kwa daktari. Daktari alichukua kinyesi chake, akakifunga kwenye kitambaa cha shashi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji ya vuguvugu mithili ya majani ya chai kwenye kikombe. Asubuhi tuliporudi aliniita kwenye hadubini yake. Nikaona vipande vya uzi, vyembamba, vinajikunja na kujikunjua. Aliniambia ni watoto wa minyoo wa mapafu. Mbwa anameza konokono, au chura aliyemla konokono, na watoto wa mnyoo wamo ndani. Wanasafiri mwilini hadi kwenye mishipa mikubwa ya damu kati ya moyo na mapafu, wanakua humo, wanazaa, na wanao wanakoholewa, wanamezwa, wanatoka na kinyesi, konokono wanakila kinyesi, na safari inaanza upya. Ndiyo maana kikohozi. Ndiyo maana uchovu. Ndiyo maana damu isiyoganda.

"Yale matonge aliyoyakataa," akaniuliza, "uliyaacha nje usiku?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi uliwaalika konokono chakula cha jioni. Na mbwa akirudi kula ugali anawala na wao."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikalia. Sikulia kwa ajili ya chumba. Nilikuwa nimemlisha ugonjwa kwa mkono wangu nikiuita dawa, siku baada ya siku, kwa sababu niliogopa kuulizwa swali moja.

Tulirudi nyumbani kwa tuktuk, Moti katikati yetu. Mama Nirmala alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akalichukua bakuli la Moti, akaanza kulisugua kwa majivu. Nikasimama nyuma yake, nikamwambia nitafunga vitu vyangu nihame mwisho wa wiki.

"Nani amesema uhame?" Hakugeuka. "Samaki nilijua. Samaki ni kosa ndogo, mimi nilisema, ni msichana wa ziwa, atafanya nini. Konokono ni kosa yangu, mimi niliweka hapa, nimeomba msamaha kwa Moti. Lakini wiki tatu umejua mbwa ni mgonjwa, na umejua kitu mimi sikujua, na umenyamaza. Hii mbwa haina mdomo ya kusema, Atieno. Mdomo yake ilikuwa wewe."

Nimekaripiwa na watu wengi maishani, wengine kwa fimbo. Hakuna aliyeniumiza kama yule bibi mwenye bakuli mkononi.

Matibabu hayakuwa ya siku moja. Daktari alitupa dawa ya unga ya kuchanganya na maziwa ya mgando kila siku kwa wiki tatu, akatuonya kwamba siku za mwanzo anaweza kuhema zaidi, kwa sababu minyoo wanapokufa mapafu nayo huchafuka. Akataka asikimbie, asicheze, apumzike, na tumrudishe mara moja akizidiwa. Siku ya nne alizidiwa kweli, tukamrudisha, wakamweka siku mbili. Nilileta cherehani yangu veranda nikawa nashonea hapo, wateja wa Kibuye wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike. Jumapili mbili sikwenda Otonglo. Niliogopa nikiondoka atakufa nisimwone.

Konokono nao walihamishwa. Mama Nirmala hakukubali waguswe na chumvi wala sumu, na kwa upande wa sumu daktari alimuunga mkono, maana mbwa huila hiyo sumu pia na ikammaliza kabla ya mnyoo. Kwa hiyo nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, nikawaokota ndani ya kopo, nikawapeleka mbali, nje kabisa ya ua, kila asubuhi kabla ya kazi. Yeye alisimama langoni kuhakikisha siwatupi kwa nguvu.

Mwishoni mwa wiki ya tatu, nikiwa naingiza uzi kwenye sindano, muuza maziwa alifika. Moti akainuka, akasimama, akabweka. Mara moja tu, sauti imekwaruza. Mama Nirmala alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Akarudi jikoni haraka, maana hakupenda kulia mbele ya watu.

Tulipeleka kinyesi cha siku tatu mfululizo, kwa kuwa watoto wa minyoo hawatoki kila siku, na mara hii glasi ya daktari ilikuwa safi. Moti aliishi miaka mingine mitano. Lakini pumzi yake haikurudi yote. Kila alipokimbilia lango alifika nusu ya njia, akaketi, akabweka kutoka hapo. Nusu ile asiyoifikia ilipotea katika zile wiki zangu tatu. Niliiona kila asubuhi niliyoishi katika nyumba ile. Kuhusu samaki, Mama Nirmala hakulegeza kamba: "Kula kwa shangazi yako, shiba, osha mikono, rudi."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Zamani nilidhani ni maneno ya wakunga tu.

Juzi jirani yangu hapa mtaani Mamboleo, mwalimu, mtu aliyesoma, aliniambia mbwa wake anakohoa, na mkononi alikuwa ameshika tonge la ugali. Nilicheka kwanza. Kisha nikamwambia aliweke chini atafute tuktuk, nami nikapanda naye. Na wewe mwanangu, nakwambia yale yale niliyomwambia njiani. Mbwa akikohoa siku kadhaa, akichoka bila sababu, akikonda, damu ikimtoka puani au kidonda kidogo kikakataa kukauka, usikae kubahatisha. Kikohozi hakisemi jina la ugonjwa, daktari na hadubini yake ndio wanaolijua. Mweleze kila ulichompa mbwa, hata kile kinachokuaibisha, hasa hicho. Muulize dawa ya kuzuia minyoo wa mapafu, ya kila mwezi kwa uzito wa mbwa wako, kwa sababu vidonge vya minyoo wa tumbo vinaweza kumpita huyu pembeni. Bakuli lisilale nje. Maji ya jana yamwage, bakuli ulisugue, mabaki uyaondoe jua likizama, hasa mvua inaponyesha, kwani huo ndio msimu wao. Kinyesi kiokote kila siku ukizike mbali au ukifunge utupe, ndipo utakapoikata ile safari. Na konokono wahamishe, kwa upole ukitaka kumpendeza Mama Nirmala, lakini wahamishe.

Yale mengine utayasahau, nawe utayauliza tena, hakuna ubaya. Hili moja usilisahau. Kiumbe ulichokifuga kimekukabidhi mdomo wake, na hakina mwingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mbwa atakayelifikia lango kwa mbio moja, na akujalie wewe ulimi utakaosema mapema.